Chiriku na Hisa za Baba

Kila alasiri Chiriku alifungua mlango kwa ufunguo alioufunga kwa kamba shingoni, akatua begi kitini, akapasha chakula alichoachiwa na kula peke yake. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Lakini baba alikuwa amefariki, na yeye na mama walikuwa wamehamia mji mwingine, kwenye chumba na sebule ghorofani, ambako hakumjua mtu. Darasani kila msichana alikuwa na mwenzake wa tangu zamani. Siku nyingine Chiriku alitoka shuleni asifungue tena kinywa mpaka mama alipobisha hodi jioni.

Mama alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo. Wafanyakazi hawakuruhusiwa kuingia na simu, kwa hiyo simu yake ilibaki nyumbani juu ya kabati la vyombo. Katika simu hiyo ndimo walimoangalizia, na wangeweza hata kuuzia, hisa za kampuni moja ya maziwa, ambazo baba alikuwa amezinunua kidogo kidogo enzi za uhai wake ili zije zimsomeshe bintiye sekondari. Mama alimweleza kwamba mwenye hisa anamiliki kipande cha kampuni, na kampuni ikipata faida, naye huweza kugawiwa. Bei ya kipande hicho hupanda watu wengi wanapokitaka, na hushuka wengi wanapokikimbia. Wakawekeana sharti: bei wataitazama Jumapili ya mwisho ya kila mwezi, wakiwa pamoja, basi.

Chiriku alilishika sharti hilo kwa muda. Namba ya siri aliijua, maana ndiye aliyemsaidia mama kuiweka. Alasiri moja upweke ulipomzidi, aliichukua simu ili tu apate cha kutazama. Bei ilikuwa imepanda kidogo. Alifurahi kama mtu aliyetembelewa na mgeni. Kesho yake akaitazama tena, na keshokutwa, hata namba zile zikawa ndizo mwenzake wa kushinda naye.

Kisha bei ikaanza kushuka. Kila alipofungua simu, namba ilikuwa ndogo kuliko jana. Siku moja akitoka kununua mkate, alimsikia kinyozi wa chini ya ghorofa akimwambia mteja kwamba wenye akili zao walikwisha kuuza hisa, na wanaongoja watabaki kushika tama. Maneno yale yalimganda moyoni. Angemuuliza nani? Mama alirudi miguu imemvimba, akauliza habari za shule, naye akajibu nzuri. Asingeweza kuisema hofu yake bila kusema kwamba amevunja sharti.

Siku iliyofuata bei iliporomoka. Chiriku aliona ada, sare na jasho la baba vikiyeyuka mbele ya macho yake. Aliandika namba ya siri, akaziuza zote.

Siku ile alilala usingizi wa pono. Lakini haikupita wiki, bei ikageuka. Ikapanda, ikaipita ile aliyouzia, ikaendelea kupanda. Chakula kikamshinda. Mwalimu alimuuliza kama anaumwa, akatikisa kichwa. Alikaa na siri yake peke yake, nayo ikazidi kuwa nzito.

Jumapili ya mwisho ilipofika, mama alifuta mikono, akaketi na kunyoosha mkono kuichukua simu.

"Mama, usifungue kwanza," Chiriku alisema. "Nimeziuza."

"Umeuza nini, mwanangu?"

"Hisa za baba. Zote. Zilikuwa zinashuka, nikaogopa."

Mama aliinuka, akaenda dirishani, akampa mgongo. Chiriku aliona afadhali angefokewa. Mama alipogeuka, macho yalikuwa yamelowa, lakini sauti yake ilikuwa ya chini.

"Bei ulikuwa unaitazama lini?"

"Kila siku, ukiwa kazini."

"Na ulipoogopa, ulimwambia nani?"

"Sikuwa na mtu wa kumwambia."

Jibu lile lilimchoma mama kuliko hasara yenyewe.

Aliomba ruhusa kazini, wakaenda wote wawili kwa wakala wa hisa, mwanamke mwenye miwani na sauti ya taratibu. Wakala alipiga hesabu, akawaambia kwamba fedha ipo, lakini kwa bei ya sasa na ada ya kununulia, watapata hisa pungufu kuliko zile za awali. Chiriku aliuliza kama si bora wangoje bei ishuke tena.

"Kazi hii nimeifanya miaka mingi, na bei ya kesho siijui," wakala alijibu. "Hebu niambie. Siku ulipouza, kiwanda cha maziwa kilikuwa kimefungwa?"

"Hapana."

"Ada ya sekondari ilikuwa inadaiwa?"

"Bado, miaka ipo."

Wakala alimweleza kwamba ipo siku ya kuuza: kampuni inapoharibika kweli, au fedha inapohitajika. Uamuzi huo hufanywa kwa utulivu. Mama alikubali hasara, wakazinunua upya zile walizoweza, wakapanga kutoziuza mpaka siku ya namna hiyo ifike.

Waliporudi, mama alibadilisha namba ya siri, kisha akaenda kuonana na mwalimu wa darasa. Tangu hapo Chiriku alibaki shuleni alasiri kwenye mpira wa pete. Siku za mwanzo alikaa pembeni tu, akiwatazama wengine, hadi msichana mmoja mrefu alipompa sweta lake amshikie, na walipomaliza akamwomba warudi njia moja.

Miezi ilipita, bei ikaanguka tena, na habari zikazagaa mtaani. Hofu ilimrudia Chiriku kama zamani. Safari hii alimngoja mama, akamweleza kabla hata hajavua viatu.

"Hata mimi naogopa," mama alisema. "Kuogopa si kosa. Kosa ni kuiachia hofu ikuamulie. Mpango tuliupanga siku tulipokuwa watulivu. Siku ya hofu kazi yetu ni kuufuata. Na hofu ikikushinda, usikae nayo peke yako. Niamshe hata kama nimelala."

Jioni ile hawakuigusa simu. Walimenya viazi pamoja, na Chiriku akamsimulia habari za yule msichana mrefu.