Kaka Tulimzika, Lakini Namba Yake Bado Inamwandikia Mama

"Mama, simama twende. Gari ipo nje."

"Siendi."

"Mama! Daktari anakusubiri!"

"Na aendelee kusubiri. Kaka yako kaniandikia sasa hivi. Kasema anakuja."

Wadau... Nikakaa chini palepale mlangoni.

Kaka yangu tulikuwa tumeshamzika!

Mama akanisogezea simu. Hakuwa analia. Alikuwa amevaa nguo zake za kutokea, begi la hospitali mapajani, mguu wenye kidonda ameunyoosha juu ya kigoda. Uso wake umetulia kabisa, na huo utulivu ndio ulionitisha.

Nikasoma.

"Mama, kaa hapohapo nyumbani, nakuja kukuchukua mwenyewe. Usiende na Pilipili, atagombana na manesi."

Pilipili ndio mimi. Jina alinipa kaka tangu nikiwa na meno ya utoto, kwa sababu ya huu mdomo wangu. Na namba ilikuwa yake. Yenyewe!

Nikaipiga hapohapo. Haipatikani.

"Mama, huyu ni mtu anatuchezea."

"Mtu gani anajua unagombana na manesi?"

Ni kweli nagombana nao.

"Mama, kaka amefariki."

"Mlizika sanduku," akasema. "Mimi nilikuwa nimelala ndani na homa, uso wake sikuuona. Na maiti haiandiki, mwanangu. Leo kaandika mara tatu. Jana mara nne."

Jamani! Mara nne!

Ngoja niwaeleweshe. Mama ana kisukari, na kidole cha mguu kilikuwa kimeoza. Daktari alituambia bila kupepesa macho: kikatwe haraka, la sivyo akichelewa atakatwa mguu mzima. Na mtu mzima mwenye akili zake huwezi kumpakia kwenye gari kama gunia. Akisema siendi, basi haendi.

Kaka ndiye alikuwa ampeleke, siku ileile aliyofariki. Alikuwa na duka la intaneti na uchapaji. Fundi cherehani wa jirani ndiye aliyemkuta amelalia kibodi, skrini imeganda mbele yake. Moyo. Mke wake alikuwa kasafiri kwenda kwao, mimi nilikuwa kazini kwangu mapokezi, simu ipo mezani, naiangalia kila saa.

Na namba ile ni ya dukani. Kaka alikuwa na vidole vinene, simu alikuwa haipendi hata kidogo. Laini yake aliiweka kwenye modemu, kile kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, kikawa kinamletea intaneti na kutuma meseji zake zote. Wateja, mama, mke, mimi, sote alituandikia kwa kibodi. Ukimwambia "nipigie", anacheka. "Nitakuandikia," anasema.

Kwa hiyo anayekaa na ile modemu ndiye anayeandika. Na anayekaa nayo ni nani?

Wifi yangu. Mjane wa kaka.

Damu ilinichemka! Mama hakuwahi kumtaka yule binti tangu siku ya uchumba, na alimwambia machoni. Nikasema ahaa... kumbe bibie kapata pa kulipizia kisasi. Anataka mama akae mlangoni mpaka mguu uoze wote.

Sikuaga. Nilimwacha mama na begi lake, nikaenda dukani moja kwa moja.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha kaka. Kiti cha kaka, jamani!

Nikamkamata kola mbele ya wateja.

"Muuaji wewe! Unamwandikia mama kwa namba ya marehemu?"

"Wifi... nini?"

"Usiniite wifi!"

Fundi cherehani akaingia mbio na futi shingoni. "Jamani, mtauana hadharani? Na marehemu hajamaliza hata kupoa!" Wateja wakaanza kutoka mmojammoja. Mmoja alibaki kuangalia, fundi akamfukuza.

Wifi akajinasua mkononi mwangu. "Sijamwandikia mtu. Hii kompyuta yenyewe haikai dakika. Nikichomeka modemu, inaganda. Naiwasha upya, inaganda. Tangu nilipofungua duka baada ya msiba, kila siku ni hivyo. Wateja wananikimbia."

"Muongo!"

"Basi angalia mwenyewe."

Akachomeka modemu. Kitaa chake kikawaka, kikapepesa... halafu kila kitu kikasimama. Mshale haujongei. Saa ya pembeni imesimama. Kibodi imekufa.

Na simu yangu ikalia mkononi.

Mama.

"Haloo, mama?"

"Kaka yako kaandika tena. Sasa hivi hii!"

Nikamwangalia wifi. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya meza. Simu yake ilikuwa kwenye chaji, ng'ambo ya chumba.



"Mama, usikate simu," nikasema. Nikamgeukia wifi. "Hebu... izime. Halafu iwashe tena."

Akaizima kwa kitufe. Akaiwasha. Tukasubiri. Kitaa kikawaka, kikapepesa, skrini ikaganda.

"Kaandika tena!" mama akapiga kelele ya furaha kwenye simu. "Nilikwambia! Hata siku ile ya hospitali aliniandikia mara mbili, maneno yaleyale. Alikuwa anatilia mkazo!"

Wifi akaziba mdomo kwa viganja. Fundi cherehani akarudi nyuma mpaka ukutani, akasema, "Mimi nina nguo za watu za kumalizia," akapotea.

Nikakata simu. Nikaichomoa ile modemu, nikaiweka sakafuni, nikainua kisigino. Nilitaka kuisaga iwe unga!

Wifi akajitupa magotini, akaifunika kwa mkono.

"Nikanyage mkono kwanza."

"Ina shetani hiyo!"

"Haina shetani. Alitufundisha nini yeye, wifi? Alisema ukikwama usivunje, soma."

Hapo alinipata. Kaka kweli alikuwa na huo wimbo. Kompyuta yake ilitumia ule mfumo huria, wa bure, ambao ndani yake hakuna kilichofichwa. "Mifumo mingine ikianguka inakuonyesha uso wa huzuni tu," alikuwa anasema. "Huu ukianguka unaandika umejikwaa wapi." Alinifundisha na mimi kwenye kile kiti, nikamuona anajisumbua bure.

Basi tukakaa. Mimi na yule niliyetoka kumkaba. Modemu nje, kompyuta ikakaa bila kuganda. Tukafungua pale mfumo unapoandika matukio yake, mistari na mistari. Tukatafuta mstari wa mwisho kabla ya kila kuganda.

Kila mara ulikuwa mmoja: draiva ya modemu. Ile programu ndogo inayowasiliana na modemu, ndiyo iliyokuwa inaanguka na kuvuta kompyuta nzima chini.

"Imeanza lini?" nikauliza.

Wifi akapandisha mistari juu, akapandisha, akaweka kidole kwenye skrini.

"Wifi, imeanza lini?"

"Asubuhi ya siku aliyofariki. Aliapdeti mfumo asubuhi ile, akaweka toleo jipya. Draiva na toleo jipya havikuelewana."

Tukafungua programu yake ya meseji. Kuzisoma ilitaka nywila ya kaka, na nywila aliondoka nayo. Lakini pembeni iliandika: zinazosubiri kutumwa, tatu.

Hapo ndipo nilipoelewa.

Programu ile hutuma meseji kwa foleni. Haiitoi meseji kwenye foleni mpaka modemu ijibu kwamba imefika. Ya kwanza ilikuwa inafika kwa mama, kisha draiva inaanguka kabla ya kujibu. Kompyuta ikiwashwa inajua haijatuma, inatuma tena. Ndiyo maana mama alipata mara mbili siku ile. Kaka hakuwa anatilia mkazo. Kaka alikuwa anawasha upya.

Na wifi, kila alipofungua duka, alikuwa anamtuma mumewe kwa mama bila kujua.

"Ya kwanza tunaijua," wifi akasema taratibu. "Nyuma yake zipo mbili. Zimekwama tangu siku ile."

"Tuziache."

"Kwa nini?"

"Kama ya pili inasema asitoke kabisa, je? Mama ataoza pale mlangoni, wifi! Tutupe modemu, ukimya utamchosha, ataenda."

Akatikisa kichwa. "Mama mkwe hatatolewa mlangoni na ukimya. Wala na mimi, wala na wewe. Atatolewa na maneno ya mwanawe tu."

Niliogopa, wadau. Sijawahi kuogopa hivyo. Lakini nilikuwa nimeshaona ule mguu.

"Fanya," nikamwambia.

Dawa yake haikuwa ngumu. Ule mfumo haufuti toleo la zamani, unalihifadhi. Tuliiwasha upya, tukaisimamisha kwenye ukurasa wa kwanza kabla haijafunguka, tukachagua lile toleo la kabla ya apdeti. Ikawaka polepole, ikafunguka kwenye picha ya kaka na wifi wamevaa miwani ya jua kama wahuni.

Wifi akachomeka modemu. Kitaa kikapepesa...

Kikatulia. Saa ya pembeni ikaendelea kutembea.

Zinazosubiri: mbili. Ile ya zamani imeenda, kwa mara ya mwisho.

Zinazosubiri: moja.

Wifi alikuwa amenishika kiganja, sijui tangu saa ngapi.

Zinazosubiri: hakuna.

Na kwenye mkoba wangu, simu ikalia mlio wa meseji.

Nilijua. Kabla ya kuitoa nilijua.

"Pilipili njoo dukani haraka. Kifua. Usimwambie mama."

...

Nisameheni, hapa huwa naishiwa.

Aliniita. Kaka yangu aliniita! Mimi nipo mezani na simu ipo mbele yangu, nikimsema moyoni kwamba hata kunijulisha mama kafikaje hospitali imemshinda. Na yeye kakaa pale, kifua kinambana, anawasha upya kompyuta ili meseji iondoke. Fundi cherehani alikuwa upande wa pili wa ukuta. Ukuta wenyewe wa mbao! Angeugonga tu.

Hakugonga. Aliandika, maana ndivyo alivyozoea.

Nililia mpaka nikakosa sauti. Wifi naye. Tukashikana kama watoto walioachwa sokoni, na mimi nikimwambia "nisamehe", na yeye akiniambia "nyamaza".

Simu ikaita tena. Mama.

Sauti yake ilikuwa tofauti. Ndogo.

"Pilipili. Njoo na ile gari."

Tulimkuta amesimama mlangoni, ameshika fremu, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Akatupa simu tusome.

"Mama, leo sitaweza kuja, sijisikii vizuri. Usinisubiri. Nenda na Pilipili. Akigombana na manesi mwache agombane, leo wamempata wa kuwaweza."

"Kumbe alikuwa anaumwa," mama akasema. "Mwanangu alikuwa anaumwa, na mimi namnunia kwa kuchelewa."

Ndipo akalia. Tangu msiba hakuwa amelia hata chozi, siku ile alilia kilio cha mazishi, pale kizingitini. Sisi wawili tumemshika, mmoja kulia mmoja kushoto. Alipomaliza akamgeukia wifi.

"Na wewe mkwe wangu, ingia garini. Nani atanishikia begi?"

Kilikatwa kidole, na cha pili kilicho pembeni yake. Mguu ukabaki. Daktari alisema tungengoja kidogo tu, angekuwa anatuambia maneno mengine.

Na ndiyo, niligombana na nesi. Alimgeuza mama vibaya. Mama alikuwa na dripu mkononi, akacheka mpaka kitanda kikatikisika. "Mwache," akamwambia nesi. "Ana ruhusa ya kaka yake."

Ile meseji ya tatu mama haijui mpaka leo. Kaka alisema nisimwambie.

Jamani, mnaonisoma hapa. Ukizidiwa usiandike. Piga kelele, gonga ukuta, mwite hata jirani usiyempenda. Meseji inaweza kukwama pasipojulikana, na anayekupenda akawa amekaa na simu yake anakununia. Na kabla hujamshika mtu kola, jua kwanza nini kimekwama na wapi.

Jioni ya siku tuliyompeleka mama, tulirudi kufunga duka, mimi na wifi. Kompyuta tuliiacha ikiwaka, modemu kitaa kimetulia. Sijui nini kilinituma. Nilitoa simu nikaijibu ile meseji yake.

"Nakuja kaka."

Kitaa kikapepesa. Kwenye skrini pakaandikwa: ujumbe mpya, mmoja, haujasomwa.

Mpaka leo tumeuacha hivyohivyo.