Harufu Ambayo Hakuna Aliyeisema

Maneno yale Witness aliyasikia bombani, na tangu hapo hayakumtoka kichwani: "Kwa Mama Witness pamefukiwa kitu mlangoni. Ndiyo maana watu hawali pale."

Aliyesema ni Rukaiya, mwenzake wa darasa la sita. Wala hakusema kwa ubaya, alikuwa anajaza ndoo yake tu. "Mimi nimesikia kwa wakubwa. Eti mteja akikanyaga pale mlangoni, hamu ya kula inaisha."

"Acha uongo, wewe!"

"Haya, mimi mwongo. Sasa mbona wateja wenu siku hizi ni nzi?"

Witness alijitwika ndoo, akaondoka.

Mama yake, Dorika, alikuwa na mgahawa mdogo hapo Shelui, kando ya barabara kuu ya kwenda Nzega, pale malori yanapoegeshwa. Zamani madereva waligombea viti. Mjomba Frank, ambaye naye ni dereva, aliuweka mgahawa kwenye ramani ya simu ili wenzake wauone wakiwa bado mbali. Lakini tangu mavuno ya alizeti yaishe, wateja walipotea mmoja mmoja. Asubuhi Witness alipanga viti kabla ya kwenda shule, na jioni alivikuta vilevile alivyoviacha.

Kibaya zaidi, hakuna aliyelalamika. Jumamosi moja dada msafiri aliagiza samaki na chapati. Alikula kidogo, akaisukuma sahani.

"Dada, chakula vipi?" Witness aliuliza.

"Kizuri sana, mdogo wangu. Nimeshiba tu."

Alilipa, akashukuru, akavuka barabara. Huko ng'ambo akaagiza wali, akala mpaka punje ya mwisho. Dorika alimwona. Alichukua kitambaa akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

Alikuwa amejaribu kila njia. Alibadilisha unga, akapaka kuta chokaa, akaombewa kanisani. Jambo moja tu hakuliweza: kuonja. Alikuwa na vidonda vya tumbo, na daktari alimkataza vyakula vya kukaanga, kwa hiyo yeye alikula uji, na ugali kwa mlenda. Mwonjaji wake alikuwa Witness, naye kila siku aliulizwa swali lilelile: "Chumvi imekolea?"

"Imekolea, mama."

Basi. Wala hakuongeza neno.

Jumatatu Witness alitoka shule akamkuta mama yake anachimba kizingiti kwa jembe. Kitenge kilikuwa kimejaa vumbi, na machozi yamechora mistari usoni.

"Mama, unatafuta nini?"

"Sijui, mwanangu. Lakini kipo."

Alichimba mpaka shimo likamfika magotini. Humo mlikuwa na kizibo cha soda na mzizi mkavu. Dorika akaketi juu ya kifusi, akaegemea jembe.

"Kesho nampelekea mganga yule mbuzi wetu. Akishindwa, nafunga mgahawa. Wewe utakwenda kwa bibi yako Kintinku, ukamsaidie kuchunga ng'ombe."

"Na shule, mama?"

Dorika aligeuza uso. Witness akajua kwamba shule ndiyo imekwisha.

Aliingia ndani, akachukua simu ya mama. Alitaka kuiona tu ile picha aliyoiweka Mjomba Frank kwenye ramani, picha ya siku ambazo viti vilijaa. Akaipata. Lakini chini yake kulikuwa na maneno ya watu, na nyota walizotoa. Mmoja, dereva aitwaye Gaspari, alitoa nyota mbili:

"Mama huyu ana roho nzuri na pahali pake ni pasafi. Lakini chapati na samaki vinanuka dizeli. Nilishindwa kumwambia, niliogopa kumvunja moyo."

Mwingine aliandika: "Kweli kabisa. Nilimwambia nimeshiba, nikalala na njaa." Na mwingine: "Tumbo liliniuma mpaka Singida mjini."

Witness aliyasoma tena. Hiyo harufu aliijua! Mwanzoni alidhani ni ya malori, maana Shelui dizeli imo mpaka kwenye nguo. Baadaye aligundua imo kwenye chapati, akameza na kunyamaza.

Alitoka nje, akasoma yote kwa sauti.

"Hao watu wa mitandao ni waongo!" Dorika alifoka. "Wana wivu!" Kisha akamtazama binti yake, akashusha sauti. "Na wewe umewahi kuisikia hiyo harufu?"

"Ndiyo, mama."

"Ukanyamaza?"

"Ulinifundisha chakula hakisemwi vibaya. Na wewe huniuliza chumvi tu."

Dorika alikwenda jikoni, akamimina mafuta kidogo kwenye kikaango, akayapasha moto, akainamia ule moshi. Akakohoa. Ilikuwa dizeli, ile ambayo siku zote alidhani ni ya malori!

Ndipo akakumbuka. Wakati wa mavuno alinunua mafuta ya alizeti mengi, vyombo vikapungua. Utingo mmoja wa lori akamuuzia dumu tupu la dizeli. Alilisugua kwa sabuni na majivu mpaka likaacha kunuka, akaamini limetakata. Kumbe harufu ilikuwa imeingia ndani ya plastiki, na mafuta yakaivuta taratibu.

Siku hiyohiyo aliyafukia mafuta yale mbali na kisima, akalikatakata dumu kwa panga asije mtu akaliokota. Mbuzi akabaki zizini. Kisha akamwambia Witness, "Andika. Mwambie huyo baba Gaspari: Asante. Umesema kweli, kosa lilikuwa dumu langu. Karibu tena, na safari hii uniambie mimi mwenyewe."

Wiki mbili zikapita kwa unyonge. Kisha lori likasimama, akashuka mzee mnene mwenye kofia.

"Shikamoo, baba," Witness alimsalimu.

"Marahaba, binti. Mimi ndiye Gaspari. Nimekuja kunusa."

"Nusa, baba, ndiyo kazi uliyofuata," Dorika alisema.

Gaspari alinusa, akala chapati mbili, akaomba ya tatu. Kisha akakuna kichwa. "Mama, samahani... leo mchuzi chumvi imezidi."

Dorika alicheka mpaka akajifuta machozi. "Asante! Asante kwa kusema!"

Jioni ile Gaspari aliandika upya, akatoa nyota nne. Ya tano aliizuia kwa sababu ya chumvi. Wenzake wakaanza kurudi, na Witness akabaki shuleni.

"Watu walininyamazia kwa heshima, mwanangu, na heshima hiyo ilikuwa inatumaliza," Dorika alisema wakikusanya viti. "Yule aliyeandika ukweli bila kunitukana ndiye aliyetuokoa."

Kwa hiyo, watoto, yaepukeni haya:

Usiweke mafuta, maji wala chakula kwenye dumu lililobeba dizeli, mafuta ya taa au dawa ya shamba, hata likioshwa vipi.

Usiseme "kizuri" wakati koo linakataa.

Usimseme mpishi kwa jirani kabla hujamwambia mwenyewe.

Usiandike kwenye simu uongo wala matusi. Andika ulichokula na ulichokiona.

Usimkasirikie anayekwambia ukweli.

Usichimbe mlango kabla hujanusa kikaango.