Ukungu na Turubai la Buluu

Kila alasiri, baada ya kutoka shuleni, Chiriku alifanya mambo yale yale kwa utaratibu ule ule. Aliingia katika chumba kidogo cha vifaa, akavua viatu vya shule na kuvipanga chini ya benchi, akavaa buti za mpira, kisha akatundika mkoba wake kwenye msumari wa katikati, kwa kuwa msumari wa kushoto ulikuwa wa hatamu na wa kulia ulikuwa wa kofia ya shangazi yake. Halafu alifagia ua, akajaza maji kwenye pipa lililokatwa nusu, na kuwapelekea farasi majani makavu. Kazi hizo zote alizifanya huku akizungumza. Alizungumza na ufagio, na ndoo, hata na maji yenyewe. Ndiyo maana nyumbani hakuna aliyekumbuka kumwita kwa jina alilopewa alipozaliwa. Aliitwa Chiriku, kama yule ndege asiyejua kunyamaza.

Shangazi yake alikuwa mfunza farasi. Farasi wake hawakuwa wa mashindano. Kazi yao ilikuwa kuwabeba watoto ambao migongo au miguu yao haikuwa na nguvu, wakazunguka nao uwanjani polepole, na mwendo huo ukawasaidia watoto kujifunza kukaa wima. Mtaalamu wa viungo kutoka zahanati ya jirani ndiye aliyewaleta. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na Bi Mkubwa, farasi jike mzee ambaye hata radi haikumkatiza usingizi. Sasa magoti ya Bi Mkubwa yalikuwa yamechoka, na alihitaji mrithi.

Mrithi huyo ndiye Ukungu. Alikuwa wa rangi ya kijivu, na alikuwa mrefu kiasi kwamba Chiriku alilazimika kuinua uso ili auone mgongo wake. Siku ya kwanza alipomwona akishuka kutoka kwenye lori, Chiriku alisimama na ufagio mkononi bila kutamka neno.

"Jamani, mashahidi mpo?" Shangazi alicheka. "Chiriku amenyamaza!"

Angesema nini? Mishipa ilipita chini ya ngozi ya mnyama yule kama mizizi chini ya udongo. Pumzi yake ilisikika kama mvukuto wa mhunzi. Nzi alitua ubavuni mwake, na ngozi ikatetemeka mahali pale pale tu, si juu wala chini, kana kwamba kila sehemu ya mwili ule mkubwa ilikuwa macho.

"Shangazi," Chiriku alinong'ona, "mnyama mkubwa namna hii anamhisi nzi?"

"Anamhisi nzi, na anakuhisi wewe ukiwa na wasiwasi. Fikiria kuishi ukihisi kila kitu hivyo. Si ajabu anaogopa."

Kuogopa aliogopa kweli. Ukungu aliogopa ndoo iliyopinduka, aliogopa mwavuli, aliogopa mfuko wa plastiki uliopita zake na upepo. Kuliko vyote aliogopa turubai la buluu lililofunika majani makavu. Kona moja ya turubai ikipigapiga tu, yeye alikuwa tayari upande wa pili wa uwanja, macho yamemtoka.

"Mtaalamu atakuja mwisho wa mwezi kumpima," Shangazi alieleza. "Atafungua mwavuli, atasukuma kiti cha magurudumu mbele yake, atampitisha juu ya turubai. Farasi anayeruka hovyo siwezi kumpakia mtoto. Akishindwa, dalali aliyemleta atamchukua."

"Atampeleka wapi?"

Shangazi alikaza fundo la kamba kabla ya kujibu. "Kwa yeyote mwenye mkokoteni na fimbo, mwanangu."

Tangu siku hiyo walianza kumfunza wakiwa chini, bila kumpanda. Shangazi alimfundisha Chiriku kumwongoza Ukungu kwa kamba, kusimama naye, na kumrudisha nyuma hatua chache kisha kumpongeza. "Kamba ilegee," alisisitiza. "Ukiivuta, umemwambia kuna hatari. Akiinamisha kichwa na kutafuna hali mdomoni hamna kitu, ujue anafikiri. Mwache amalize. Na usiniambie kwamba amefanya jambo mpaka alifanye kwa hiari yake."

Turubai walilikunja na kulilaza katikati ya uwanja. Kila siku walimsogeza Ukungu karibu nalo kidogo, wakaondoka naye kabla hofu haijamzidi, wakarudi tena. Kazi ilikwenda, ila ilikwenda kwa mwendo wa kobe.

Jambo hilo lilimfurahisha sana binamu yake Chiriku, mvulana aliyeitwa Kamanda kwa sababu alipenda kutoa amri kwa kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Alikaa juu ya ua wa mbao akila karanga.

"Huyo ni farasi au sungura aliyemwagiwa mbolea?" aliuliza. "Wiki nzima mnamwonyesha turubai, kwani mnamuuzia?"

"Shuka wewe uje ujaribu!"

"Mimi ni msimamizi. Mtaalamu akija, mwambieni alete na mto wa kulalia, maana atasubiri."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku. Kesho yake Shangazi alipokwenda kununua pumba, Chiriku alilikunjua turubai lote. Alivua sweta yake ya shule, akamfunga nayo Ukungu machoni, akashika kamba fupi na kuivuta. Farasi alikwenda. Alikwenda akitetemeka, shingo imelowa jasho, kila kwato ikitua kama inayotafuta mahali pa kusimama gizani. Turubai lilikwaruza chini ya miguu yake, naye hakujua ni nini. Walipofika ng'ambo, Chiriku alimfungua haraka. Ukungu hakutafuna. Alimtazama tu.

"Amevuka turubai!" Chiriku alimpokea Shangazi langoni.

Shangazi alitua gunia chini. "Kwa hiari yake?"

"Ndiyo, Shangazi."

Uso wa Shangazi uling'aa kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomnyima Chiriku usingizi.

Siku iliyofuata Shangazi alimwongoza Ukungu kuelekea turubai akiwa na uhakika wa mtu aliyeambiwa kwamba njia ni salama. Hakumpa muda wa kutazama. Kwato ya kwanza ilipokanyaga, sauti ile ya jana ikasikika tena, na safari hii Ukungu aliona ilikotoka. Aliruka juu, akageuka hewani. Kamba ilipita kiganjani mwa Shangazi na kumchubua, naye akaangukia kiwiko. Farasi alikimbilia pembeni, akasimama akihema.

Chiriku alimkimbilia shangazi yake, akamsaidia kuinuka na kumfunga kitambaa mkononi. Kisha akamwendea Ukungu polepole. Farasi aliiona sweta ya shule mwilini mwake, akarudi nyuma mpaka mbao za ua zikalia. Hakuwahi kumkimbia Chiriku kabla ya hapo.

Shangazi aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alionekana amechoka. "Labda macho yangu yamezeeka," alisema. "Nilidhani nimemwelewa farasi huyu. Farasi anayevuka leo na kuruka kesho hatabiriki, na siwezi kucheza na mgongo wa mtoto wa mtu. Bora nimpigie dalali simu leo."

Alitoa simu mfukoni. Chiriku aliitazama simu ile, akamtazama Ukungu.

"Shangazi, usipige."

"Kwa nini?"

"Hakuvuka. Nilimfunga macho kwa sweta, nikamvuta. Nilitaka Kamanda aache kunicheka. Nilikudanganya." Machozi yalimtiririka. "Kosa si lake, Shangazi. Wala si lako. Nisamehe."

Shangazi aliirudisha simu mfukoni. Chiriku alingoja kufokewa.

"Mkono huu utapona," Shangazi alisema. "Mimi umeniomba msamaha kwa maneno. Yule pale hajui maneno. Utamwombaje?"

"Sijui."

"Basi nenda ukakae katikati ya uwanja. Weka sweta chini mbele yako. Mpe mgongo. Usimwite, usimtazame, na zaidi ya yote, Chiriku, usiseme."

Chiriku alikaa. Jua lilihama kutoka begani hadi shingoni. Chungu walimpanda kwenye buti. Juu ya ua, Kamanda alifungua mdomo, akaona mkono wa Shangazi uliofungwa, akaufunga. Kwa mara ya kwanza Chiriku alisikia vitu ambavyo maneno yake yalikuwa yakivifunika: Bi Mkubwa akisaga majani bandani, tone la maji likidondoka kwenye pipa, na nyuma yake, mbali kidogo, kwato moja ikisogea. Kisha kimya. Kisha nyingine.

Pumzi ya moto ilimgusa shingoni. Ukungu alinusa nywele zake, akanusa bega, halafu, akinyoosha shingo ndefu juu ya bega hilo, akainusa sweta. Alipuliza kwa nguvu hadi mkono wa sweta ukainuka na kuanguka. Alishtuka. Akairudia. Mnyama ambaye angeweza kumvunja mtu kwa teke moja alikuwa amesimama juu ya mtoto aliyeketi, anachagua mwenyewe kama atabaki. Akabaki. Na karibu na sikio lake Chiriku akaisikia sauti ya mdomo mtupu ukitafuna.

Wakaanza upya. Safari hii Shangazi aliongeza michezo. Alileta mpira mkubwa uliopoteza rangi, akamwambia Kamanda ashuke na kuuviringisha mbali na farasi, kamwe asiuelekeze kwake.

"Msimamizi naye anafanya kazi?" Chiriku aliuliza.

"Nawasaidia tu, nimeona mnalemewa," Kamanda alijibu, ingawa aliushika mpira kana kwamba ungemng'ata.

Mpira uliondoka, na Ukungu akaukodolea macho. Ulipozidi kwenda, yeye alipiga hatua moja, kisha mbili. Mwishowe aliusukuma kwa pua, nao ukakimbia mbele yake. Masikio yalimsimama kwa mshangao. Aliusukuma tena. Baada ya muda alikuwa akiufukuza uwanja mzima, singa zikipepea, huku Kamanda akikimbia mbele akipiga kelele, "Jamani, mwambieni timu yake ni ileee!"

"Umeona?" Shangazi alimwambia Chiriku. "Kitu kinachomjia anakiogopa. Kinachomkimbia anataka kukijua."

Wakafanya vivyo hivyo kwa turubai. Chiriku aliliburuta polepole, akienda mbali, nalo likakwaruza na kulia ardhini. Ukungu alifuata. Alifuata kwa mbali, akafuata kwa karibu, hadi siku moja alinyoosha mguu wa mbele na kuikanyaga kona ya turubai, kama mtoto anayekanyaga mkia wa kamba ili mwenzake asiende nayo. Chiriku hakupiga kelele. Alisimama, akalegeza kamba, akangoja. Mguu wa pili ukafuata.

Siku ya kupimwa ilikuwa ya upepo. Mtaalamu wa viungo alifika na msichana mdogo katika kiti cha magurudumu, akiwa amekumbatia kofia yake ngumu. Mwavuli ulifunguliwa. Ukungu alichezesha masikio, akaunusa. Kiti cha magurudumu kilipita kikilia, naye akageuza shingo kukifuata. Shangazi, ambaye kiwiko chake kilikuwa hakijanyooka vizuri, alimwachia Chiriku kamba.

Ndipo upepo ulipolinyanyua turubai. Lilivimba kama tanga, likanyooka juu ya vichwa vyao kwa mlio mkali, likaanguka mbele ya miguu ya farasi. Kamanda alifumba macho. Ukungu alitupa kichwa juu, mwili wote ukakakamaa. Mkono wa Chiriku ulitaka kuivuta kamba, ulitaka mno. Aliuacha ulegee.

Farasi alilitazama turubai. Alimtazama Chiriku. Kisha akashusha ule uso mrefu, akapuliza, akalisukuma kwa pua yake, akiuliza kama mchezo umeanza. Lilipokataa kukimbia, alilikanyaga na kupita juu yake hadi kwenye kiti cha magurudumu, akasimama. Msichana mdogo aliinua kiganja. Pua ya kijivu, laini kama mkate uliotoka jikoni, ilitua juu yake.

"Ana joto!" msichana alisema, akacheka.

Mtaalamu wa viungo alikuwa ameshika kifua chake. "Nilidhani ataruka," alisema polepole. "Aliogopa, nilimwona. Kisha akafikiri. Huyo nitampa mtoto yeyote."

Wageni walipoondoka, Shangazi aliweka kiganja kilichopona begani mwa Chiriku.

"Sikiliza, mwanangu. Siku ile ulimfunga macho kwa sweta na mimi ukanifunga kwa uongo, na wote wawili tukajikwaa mahali ambapo tungeweza kupita salama. Mtu hapati ujasiri kwa kufichwa kilicho mbele yake. Anaupata akionyeshwa ukweli polepole, na mtu anayemwamini akiwa kando. Ungenyamaza nilipotoa simu, leo farasi huyu angekuwa na dalali."

"Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba ataweza," Kamanda alisema kutoka juu ya ua.

Shangazi alicheka, kisha akamgeukia Chiriku, ambaye alikuwa hajatamka neno tangu upepo ulipotulia. "Na wewe leo husemi kitu?"

Chiriku aliweka kidole mdomoni, akamwonyesha Ukungu. Farasi alikuwa ameinamisha kichwa juu ya turubai la buluu, macho nusu yamefumba, akitafuna hali mdomoni hamna kitu. Kamanda akashuka, wakasimama wote watatu, wakamwacha amalize.