Aliyefika Mwisho

Maji yalikuwa ya moto, na jikoni hazikuwashwa kuni tangu asubuhi. Revelian, kiranja mkuu wa shule moja ya bweni nyuma ya Kawe, aliingiza miguu katika beseni bila kugeuka kumtazama aliyelileta. Hakuwa na desturi hiyo. Yeye alipaza sauti tu, "Mdogo!" na watoto wa darasa la chini wakatimua mbio, aliyefika mwisho ndiye aliyetumwa. Mkuu wa shule, Mwingereza, aliuleta mtindo huo kutoka kwao, na viranja wakaupenda kupita kiasi.

Ndipo alipoisikia harufu ya ubani, akakumbuka kwamba wadogo wote walikuwa shambani tangu saa nne.

"Kaka, uliita saa ngapi?" aliuliza Nassibu jioni ile, kwa kunong'ona, baada ya kusimuliwa kisa cha beseni. Alikuwa mmoja wa wadogo, mtoto wa Kawe aliyemfulia nguo.

"Saa sita."

"Sie huku saa sita hatuiti mtu bila jina. Anaweza kuitika yeyote."

Revelian hakuita tena, lakini kila adhuhuri nyayo zilikuja, nyingi kwanza, kisha za mmoja aliyechelewa, na beseni likatuliwa, na miguu yake, atake asitake, ikaingia yenyewe katika maji yaliyozidi kuchemka siku hadi siku, mpaka ngozi ikaanza kumbambuka na yeye akajifunza kulia kimyakimya ili wadogo wasimsikie. Tuseme kweli, aliogopa kuliko watoto wote aliowahi kuwatisha.

Nassibu akampeleka kwa bibi yake, Bi Hamisa, aliyekuwa mganga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyo anayekuletea maji, mwite kwa jina, umwambie umemwachilia. Ataondoka."

"Sikumuuliza jina."

"Na huyu mjukuu wangu aliyekushika mkono, anaitwa nani?"

Revelian akainamisha kichwa. Mwaka mzima alikuwa akimwita mdogo.

Bi Hamisa alifunga kikapu chake cha dawa. "Sina la kukusaidia, mwanangu. Huyo akichoka kutumwa, naye atataka kutuma."

Kesho yake saa sita, Revelian akiwa uwanjani, sauti yake mwenyewe iliita kutoka bwenini, "Mdogo!" Miguu yake yenye malengelenge ikakimbia pamoja na wadogo. Alifika mwisho. Kitandani kwake alikaa mtu amewapa kisogo, amevaa kaptula yake na mkanda wake wa ukiranja.

"Maji," alisema yule, bila kugeuka.

"Mimi ni Revelian."

Nassibu alimtazama kama mtu asiyemjua. "Kimbia, mdogo," alinong'ona. "Kiranja huwa haulizi jina."