Bahasha Tatu Zenye Jina Langu

Nina miaka ishirini na mitatu. Nimezaliwa Mafinga, kwenye baridi, ambako mbu tulikuwa tunawasikia tu kwa watu. Nikaolewa Usangu, mkoani Mbeya, bondeni kwenye mpunga... Huko mbu hawabishi hodi!

Nilipopata mimba ya kwanza, nesi wa zahanati ya kijiji chetu cha ujamaa alinipa vidonge vya klorokwini kwenye bahasha ndogo yenye jina langu. Akaniambia nimeze kila Jumapili, maana sisi wa baridini malaria hutuangusha vibaya, tena ukiwa na mimba ndiyo kabisa.

Nyumbani niliishi na wifi yangu Skola, mdogo wa mume wangu. Tulipendana, jamani! Nilipomeza mara ya kwanza nikatapika kwa ule uchungu. Skola akashtuka. "Wifi, kitu kichungu hivi si ndicho wanachotolea mimba? Utamuua mtoto wa kaka! Lete nikatupe chooni."

Nikampa. Mjinga mie! Kila mwezi nikileta bahasha, namkabidhi. Nesi akiuliza, najibu nameza.

Mimba ilipofika miezi saba homa ikanikamata. Nilitetemeka mpaka kitanda kikalia... Mume wangu akanikimbiza zahanati kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mtoto alitoka amekufa. Wa kiume. Nesi akasema ni malaria.

Skola alilia kuliko mimi! Akaninywesha uji kwa mkono wake.

Miezi miwili haijaisha, asubuhi moja Skola akashikwa na uchungu wa kuzaa jikoni. Msichana asiye na mume! Kumbe alikuwa anajifunga kanga mbili mbili, anamwogopa kaka yake, kliniki hathubutu kukanyaga. Nikakimbilia sanduku lake kutafuta kanga za kumpokelea mtoto. Chini kabisa nikakuta bahasha tatu zenye jina langu. Tupu!

Nikamwonyesha. Akageuza uso. "Na mimi nilimtaka wangu aishi, wifi."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilimpokea mtoto kwa mikono hii. Wa kike, mzima, analia kwa nguvu. Skola akampa jina langu, ati kunipoza moyo. Sasa anatembea. Mama yake akiita, "Anastazia, njoo!", mimi natoka nje nikalie.

Wenzangu wenye mimba, dawa ya kliniki usimpe mtu akushikie, hata awe nani. Imeze palepale, mbele ya nesi. Skola alinidanganya, na sijamsamehe... Lakini aliyemkazia nesi macho miezi mitatu akisema "nameza", alikuwa ni mimi.