Aliyemwita Lawwali

Mizani ilisema Lawwali amekunywa pipa zima.

"Fundi, umemeza kisima?" akauliza nesi Kande, mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe kutoka ng'ambo ya pili. "Juzi umetoka hapa mkavu kama nyama ya kuanikwa. Leo umerudi umefura hivi!"

"Wallahi sijanywa. Kikombe kile kidogo, cha chai. Muulize Inna."

Inna ni mama yake, Uwani, muuza kosai, zile bajia za kunde. Alikuwa kwenye benchi, amekumbatia kikapu cha chakula. Katika Katsina nzima hapakuwa na mtungi uliolindwa kama mtungi wa Uwani. Aliufunga kwa mnyororo na kufuli ili mwanawe asizidishe maji aliyopimiwa na daktari, hata birika la kutawadhia alilipima kabla na baada.

"Hajanywa," akasema. "Labda mizani yako ndiyo imekunywa."

Benchi zima likacheka. Wa presha na wa sukari walikaa kushoto, wa figo kulia, lakini mizani ilikuwa moja na Kande alikuwa mmoja, kwa hiyo kila mtu alijua uzito wa kila mtu, na hakuna siri iliyodumu ukumbini pale kupita saa ya adhuhuri.

Kande akaanza maswali yake ya kila mwezi. Umelala vizuri? Vizuri. Chakula kinapita? Kinapita. Moyo je, una huzuni?

"Sina," Lawwali akasema, akatabasamu. "Nina furaha tele."

Kande akaishusha kalamu. Miaka yote aliyowauliza watu wa figo swali lile, hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. "Ama umeoa kwa siri," akasema, "ama damu chafu imepanda kichwani. Haya, ingia."

Chumba cha mashine kilikuwa na vitanda vitatu na dirisha moja lililojaa vumbi la jangwani, kwani ule ulikuwa msimu wa upepo mkavu unaopasua midomo. Lawwali akalala. Sindano zikaingia mkononi, mipira ikajaa wekundu, mashine ikaanza kunguruma. Kuanzia hapo hadi alasiri mtu huwezi kwenda popote. Damu yako iko nje, inazunguka, nawe umefungwa nayo kama mbuzi kambani.

Uwani akakaa upande wa kulia wa kitanda. Upande wa kushoto palikuwa na kiti kitupu cha wageni.

"Inna," Lawwali akanong'ona, "usione haya, sitamwambia mtu. Siku ile niliposinzia, nilikusikia."

"Ulinisikia nini?"

"Umeniita. Kwa jina langu."

Uwani akahisi mashavu yanawaka. Lawwali alikuwa mtoto wake wa kwanza, na mama mwenye haya hamtaji mtoto wake wa kwanza kwa jina, si mbele ya watu wala peke yake jikoni. Tangu alipomzaa alimwita "wewe" na "yule," na alipoanza kushona kofia akamwita Fundi, akapumua. Mara moja pikipiki ilipotaka kumgonga sokoni alipiga ukelele, "Wewe!" na mtaa mzima ukageuka isipokuwa yeye.

Alifungua kinywa akane. Lakini akauona uso wa mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu, unang'aa kama wa mtoto aliyelambishwa sukari. Furaha ile ingezimwa kwa neno moja, naye hakuwa na roho ya kulisema.

"Nyamaza," akasema. "Watu watasikia."

Haikuwa ndiyo, wala haikuwa siyo. Lawwali akaichukua kuwa ndiyo, akafumba macho.

Hapo ndipo Uwani aliposikia mtu anakunywa maji. Sauti ilitoka chini ya kitanda, gubu, gubu, gubu, ya koo pana lisilopumzika. Akainama. Palikuwa na vigae vikavu na kandambili za mwanawe, basi. Ila harufu ilimpanda puani, harufu ya tope la kisima cha zamani, la ukoga na vyura, mahali ambapo mvua haikuwa imenyesha tangu mavuno.

Kila walipokuja tena, mizani ilipanda. Miguu ya Lawwali ikavimba mpaka kandambili zikamkataa. Mashine ilivuta maji ikavuta, na alipoteremka kitandani alikuwa mzito vilevile. Daktari akaongeza dawa, akaongeza saa, kisha akamwambia Uwani kando, kwa upole, kwamba moyo unaelemewa, na ukizidi kuelemewa utasimama. Lawwali mwenyewe hakusikitika. Alilala ameelekeza uso kushoto, kwenye kiti kitupu, akisema chini kwa chini, "Naam, Inna. Nakusikia, Inna," na mama yake amekaa kulia, ameshika kikapu.

Siku moja mganga Malam Dikko alipita mlangoni. Mzee huyu alikuwa anatoa majini mji mzima, na mwenyewe alikuja kliniki kupima presha, akipenda kusema kwamba majini humtii yeye lakini chumvi haimtii. Alisimama ghafla, kile kitambaa cha kupimia bado kimemfunga mkono na mpira unaning'inia.

"Hajiya," akamwita Uwani kwa mkono, wakatoka kizingitini. "Kwenye kiti kile cha kushoto kaketi nani?"

"Mimi si Hajiya, Malam, sijafika hata Sokoto, sembuse Makka. Na kile kiti hakina mtu."

"Kina mtu." Mzee hakuwa anatania tena. "Ni jini wa visimani. Ana kiu isiyokwisha na hana kinywa, anatafuta cha kuazima. Anamwitaje mwanao?"

Uwani akatazama sakafu. Akaeleza yote, hata lile "nyamaza" lake.

"Kumbe ulimfungulia mlango," Malam akasema. "Sikia. Mwite mwanao leo. Kwa jina, kwa sauti, mbele ya watu, naye akuitikie. Akikuitikia wewe uliyemzaa, yule hana pa kukaa."

"Mwite wewe, Malam."

"Mimi ni mzee mwenye presha tu. Kuna tumbo moja lililomzaa." Kande akampigia kelele kutoka ukumbini arudishe kitambaa cha watu, naye akaenda, akigeuka nyuma mara kwa mara.

Uwani akarudi kitandani. Vitanda vile viwili vingine vilikuwa na wanawake wa mtaani kwake, Tabawa na mwenzake, ambao wangelibeba neno lile mpaka msikitini kabla ya jua kuzama. Akafungua kinywa. Ulimi ulilala kama unga uliokandwa. "We... wewe..." Tabawa akageuza kichwa.

Basi akaitafuta njia nyepesi. Akainamia sikio la mwanawe. "Fundi, nisikilize. Siku ile sikukuita. Mimi mama yako siwezi, unanijua. Atakayekuita kwa jina lako, hata akiwa na sauti yangu, hata akilia, si mimi. Usimwitikie. Mimi nitakuita Fundi."

Uso wa Lawwali ukazimika, kama mama yake alivyoogopa. "Kumbe siyo wewe," akasema. Chozi likamtoka. "Sawa, Inna. Sitamwitikia."

Chini ya kitanda, aliyekuwa anakunywa akaacha kunywa. Ile harufu ikapungua. Uwani akajiegemeza, akashukuru, akajiona mwenye akili kuliko Malam.

Umeme ukakatika.

Mashine zikalia zote kwa pamoja, na Kande akaja mbio akifoka kuhusu jenereta, akashika mpini wa mashine ya Lawwali akaanza kuuzungusha kwa mkono ili damu isigande mipirani, na dirishani vumbi lilikuwa limeuziba mchana hata chumba kikawa na rangi ya maji machafu, na ndani ya rangi ile Uwani akaiona harufu imerudi, ndiyo, akaiona, kwa sababu ilikuwa imeketi kwenye kiti cha kushoto, imejifunga kitenge kama chake, imekumbatia kikapu kama chake, na maji yanaichuruzika kutoka pindoni mwa nguo mpaka sakafuni bila sakafu kulowa, nayo imeinamisha kichwa na kujifunika uso kwa mtandio, na kuugeuzia ukutani, kwa haya, vile vile kama mama mwenye haya.

"Fundi," ikasema, kwa sauti ya Uwani, taratibu. "Fundi, twende zetu nyumbani."

Mkono wa Lawwali ulio huru ukainuka, ukaelekea kushoto.

Hapo haya yote ya Uwani ikakatika, akasimama, kikapu kikamwagika, akapiga ukelele uliosikika mpaka kwenye benchi la presha, akalitoa neno lililokaa kifuani mwake tangu siku ya uchungu wa kuzaa: "Lawwali! Lawwali! Lawwali mwanangu, mimi hapa!"

Lawwali akageuza kichwa. Akamtazama Uwani, mtandio umeanguka, mdomo wazi, machozi yanamtiririka, na macho ya Lawwali yakajaa woga ambao mama yake hakuwahi kuuona kwake hata alipokuwa mdogo.

"Sista Kande," akasema, akijisogeza mbali kadiri mipira ilivyomruhusu, "mwondoe huyu. Mama yangu haniiti jina."

"Fundi," ikasema ile ya kushoto, bila kujifunua.

"Naam, Inna," Lawwali akaitika, akaupokea mkono wake.