Kabuti la Mzee Kalisti

Matanga ya mume wangu yalikuwa hayajaanuliwa, shemeji yangu akanilisha udongo mbele ya watu!

"Onja, Mama Mageni," Bujiku aliniambia kwa sauti ya huruma. "Onja mwenyewe, kesho usije ukasema nimekudhulumu."

Nikaonja...

Ulikuwa mweupe kama majivu, na ulijaa chumvi. Nikautema.

"Ibambasi!" akatangaza mzee Kalisti, mpima udongo wetu. "Ardhi iliyokufa. Hapa hata magugu yanaota kwa kulazimishwa."

Lile lilikuwa shamba la bondeni la mume wangu, Herman. Ndilo lililotulisha tangu nilipoolewa.

"Mzee, mbona mwaka jana tulivuna?"

"Ardhi hufa kama mtu, mama. Mumeo si alikuwa mzima juzi tu?"

Watu wakainamisha vichwa.

Ndugu msomaji, hii ilikuwa Didia, Shinyanga, mwaka 1951. Leo nimebaki na meno mawili, lakini siku ile naikumbuka vizuri.

Kwetu mashamba yakigawanywa au kubadilishwa, aliitwa mpima udongo. Alichimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, akatoa udongo, akauonja, kisha pande zote mbili zikaonja. Alilotangaza limetangazwa. Halikufutwa mpaka yeye au mwenye shamba alikane palepale, penye ardhi ileile.

Na mzee Kalisti hakupima bila kabuti lake la jeshi. Jua liwake, mvua inyeshe, kabuti lipo. Tuliliheshimu kama joho la padri!

Bujiku akanishika bega.

"Shemeji, sitakubali watoto wa kaka yangu wafe njaa. Chukua shamba langu la mlimani. Ni la kichanga, lakini liko hai. Hili bovu nitalibeba mimi."

Wanawake wakampigia vigelegele!

"Wabeja, shemeji," nikamshukuru. Nilipiga magoti kabisa...

Nilimpigia magoti yule mtu!

Msimu uliofuata, pamba yake bondeni ilinifika kifuani. Yangu kule mlimani ilinifika magotini.

"Shemeji, ardhi iliyokufa inatoa pamba hii?"

"Samadi tu!" akacheka. "Na mkono wa baraka."

Sikumhukumu. Nilijiambia, labda ni samadi kweli. Sikusoma shule, ila nina tabia ya kutaka kuhakikisha jambo kwanza. Nikaanza kujifunza udongo mwenyewe. Kila nilipopita niliokota kidogo, nikasugua kwa vidole, nikaonja, nikatazama ni majani gani yameota pale.

Kisimani wanawake wakanidhihaki.

"Mama Mageni, unakula udongo! Ni mimba hiyo?"

"Mjane ana mimba ya upepo!" akadakia mwingine.

Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Nami nikacheka nao.

Siku moja mbuzi wangu alinitoroka. Nikamkuta nyuma ya zizi la Bujiku analamba ardhi, hataki kuondoka. Palikuwa na uwanja mweupe, mgumu, hauna hata jani. Nikachukua kidogo, nikaweka ulimini...

Mungu wangu!

Ni ule ule! Ladha ile niliyoitema siku ya matanga!

Bado sikumhukumu. Nilirudi masika nikaonja tena. Nikaenda bondeni, nikachimba mpakani mwa shamba la Herman. Udongo ulikuwa mweusi, wa kunata, hauna chumvi hata kidogo.

Hapo ndipo nilipomhukumu. Na nilipomhukumu, nilimchukia, msomaji. Nisikudanganye. Nilimchukia nikipika, nikamchukia nikisali.

Lakini ningesema nini? Neno la mjane dhidi ya kabuti?

Nikasubiri...

Mwaka 1953 akaja bwana shamba, kijana mpole aitwaye Onesmo. Akaitisha baraza.

"Tunataka kuchimba lambo la kunyweshea mifugo," alisema. "Lakini hatuzamishi shamba zuri. Nani anajua ardhi iliyokufa hapa?"

Nikasimama.

"Shikamoo, mzee Kalisti."

"Marahaba, mama."

"Si ulitutangazia kwamba shamba la bondeni la Bujiku limekufa?"

Kabla hajajibu, Bujiku akaruka.

"Pale panatoa pamba!"

"Kwa samadi, shemeji. Ulisema mwenyewe."

Watu wakaguna. Onesmo akasema, "Basi kesho kutwa tuchimbe, tuone. Mzee Kalisti atapima, nami nitakuwepo."

Bujiku alikuwa amebanwa. Udongo mzuri ukitoka, uongo wake umefichuka na shamba linanirudia. Ukitoka mbovu, shamba linazama.

Baraza lilipovunjika alinipita karibu, akaninong'oneza.

"Nimekuelewa, mwanamke. Basi lizame! Bora likae chini ya maji kuliko chini ya jembe lako."

Nikamwitikia kwa upole, "Sawa, shemeji."

Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri! Ili lizame, ilikuwa lazima ule udongo mweupe uletwe tena. Na mbuzi wangu nilikuwa nimewafungia nyumbani, mbali na chumvi, tangu niliposikia kuna bwana shamba anakuja.

Siku ya kuchimba jua lilikuwa kali. Mzee Kalisti akaja na kabuti, jasho linamtiririka. Mimi nikaja na mbuzi wangu wawili kwa kamba, kama mtu anayepitia malishoni.

"Na mbuzi nao ni wapima?" Bujiku akanidhihaki.

"Wanajifunza, shemeji."

Watu wakacheka. Mzee Kalisti akapiga magoti, akachimba, akaingiza mkono shimoni...

Nikaachia kamba.

Mbuzi wakaenda moja kwa moja kwake! Mmoja akadaka mkono wa kabuti, akaanza kulamba. Wa pili akaingiza mdomo ndani kabisa!

"Waondoeni hawa wanyama!"

Akavuta huku, mbuzi akavuta kule. Kabuti kuukuu likachanika bitana...

Udongo mweupe ukamwagika mbele ya kijiji kizima!

Onesmo akaingiza mkono shimoni mwenyewe, akatoa udongo mweusi, wa kunata. Akaonja. Akampa Bujiku.

"Onja, mzee."

Bujiku akanitazama. Nami nikamtazama.

"Onja, shemeji," nikamwambia taratibu. "Onja mwenyewe, kesho usije ukasema nimekudhulumu."

Akaonja. Alitafuna machozi na udongo.

"Sema palepale uliposema," nikamwagiza.

"Ardhi hii... iko hai," akasema. "Ni ya Herman."

"Piga magoti, useme tena."

Akapiga magoti! Msomaji, sikumwonea huruma. Hata leo nikiitafuta huruma ile siioni.

Nilidhani yameisha. Kumbe!

Onesmo aliokota ule udongo mweupe, akauminya.

"Mzee Kalisti, huu umetoka wapi?"

"Nyuma ya... nyuma ya zizi la Bujiku."

"Ni eneo kubwa?"

"Kubwa. Hadi chini ya nyumba yake. Hakuoti kitu, na maji ya mvua yakituama hapo hayanyonywi upesi."

Onesmo akaitikia kwa kichwa polepole.

"Ardhi iliyokufa, inayoshika maji. Ndiyo hiyo ninayoitafuta."

Bujiku akakaa chini...

Lambo lilichimbwa palepale. Zizi likaenda, nyumba ikaenda, naye akahamia kule mlimani kwenye kichanga alichonipa kwa vigelegele.

Tangu siku ile, Didia mpima udongo havai kabuti. Anafika kifua wazi, ananawa mikono mbele ya watu, na shimo linachimbwa pale wanapochagua wenye shamba wote wawili. Mimi mwenyewe nilipima miaka mingi baadaye, na kwa kuwa ni mwanamke, nilikunja mikono ya gauni hadi mabegani.

Mtu akikwambia chako hakina thamani, usibishane naye siku hiyo. Nyamaza, chunguza, na utazame kwanza amebeba nini mkononi.

Bujiku aliishi muda mrefu. Kila jioni niliswaga ng'ombe wangu hadi lamboni, wakanywa pale kilipokuwa kitanda chake, naye akitutazama kutoka mlimani.

Sikuwahi kuwaharakisha.